Fuko Hai wa Shangazi Benedicta

Shangazi yangu Benedicta ndiye aliyekuwa mwanamke pekee mtegaji wa fuko pale Kalenga, karibu na mji wa Iringa, na hilo nitalisema kifua mbele hadi nizikwe. Alipofiwa na mumewe mwaka sabini na nne, shemeji yake Silvester alidai mitego ya marehemu, ati mwanamke hategi. Shangazi akamjibu kwamba fuko huko ardhini hajui nani kavaa khanga. Silvester akaapa kuichukua mitego siku shangazi atakayokosea.

Hakungoja sana. Mwaka uliofuata alikuja Crispin, mtaalamu kutoka chuo kikuu, akaomba aletewe fuko. Shangazi akawanasa kwa tanzi, akawababua manyoya, akawatoa matumbo, akamkabidhi kwenye ungo huku amepiga magoti. Kwetu mgeni hapewi nyama yenye manyoya! Crispin akashika kichwa.

"Mama, nilitaka walio hai. Nachunguza nyuzi za urithi ndani ya chembe zao, na fuko akishakufa zinaharibika."

Silvester alicheka hadi akakohoa. "Lete mitego, shemeji."

"Subiri kwanza, mzee," Crispin akasema. Alitaka fuko wa bondeni Kalenga na wa milimani Mbeya, awalinganishe. "Mama, utaweza?"

"Nikishindwa, shemeji achukue mitego yake," shangazi akajibu.

Tanzi linanyonga, kwa hiyo akaliacha. Alifungua njia ya fuko, akachuchumaa kimya na jembe juu. Fuko hapendi upepo uingie kwake. Alipokuja kuziba kwa udongo, shangazi alipiga jembe nyuma yake, akamkatia njia ya kurudi, akamdaka shingoni. Wa Kalenga alimng'ata kidole, na kovu lile alituonyesha kila sikukuu.

Kwa yule wa pili alifikia kwa binti yake Lea, mtaa wa Soweto, Mbeya, akapanda mlimani hadi kwenye mashamba ya viazi, kwenye baridi kali. Akarudi kwa basi, debe lenye fuko mapajani, akigombana na kondakta aliyetaka kulipandisha juu pamoja na mizigo. Nilimpokea stendi ya Iringa. Alipofunua, fuko alitutolea meno yake ya njano, nami nikapiga vigelegele mbele za watu.

Siku Crispin alipomaliza kazi, alituita kwenye maabara aliyoazimwa mjini. Kwa nje ungewadhani fuko wale mapacha. Kwenye hadubini, yule wa mlimani alikuwa na nyuzi nyingi kuliko wa bondeni; kumbe ni aina mbili tofauti. Crispin alisema bila shangazi asingeliona hilo.

Shangazi alitazama, kisha akageuka. "Shemeji, njoo nawe utazame. Ukiona humo palipoandikwa mwanamke hategi, mitego chukua."

Silvester aliinama pale muda mrefu. Kesho yake tulimwona njia ya shambani, amebeba mitego yote begani, akimfuata shangazi nyuma.