Alama ya Wino ya Wifi Kufuli

Wifi yangu, mke wa kaka, kazini tunamwita Kufuli, na jina limemkaa. Tuko maabara moja. Yeye huvuta kwa mashine vipande vya utando mwembamba ajabu, unene wa atomu chache tu, mpaka vikatike, ili tujue nguvu yake.

Jumatatu kipande kilivumilia. Jumanne kingine cha utando uleule kikakatika mapema, kama uzi uliooza. Kufuli akanitazama kwa jicho la pembeni.

"Wifi, nani amegusa vitu vyangu?"

"Ufunguo wa kabati lako unaning'inia shingoni mwako! Mimi nipitie wapi?"

"Kikulacho ki nguoni mwako," akajibu, akalifunga kabati upya.

Kisha akautia utando wote alama za wino kwenye ukingo wa juu, eti amnase mchawi wake akibadilisha vipande, ndipo akakata vipande viwili vipya. Cha kwanza kikavumilia. Cha pili kikakatika mara moja. Akanijia mbio navyo vyote viwili.

"Leo nimekushika!"

Nikamwonyesha wino wake mwenyewe. Kwenye cha kwanza ulikuwa juu. Kwenye cha pili, ubavuni. Alikuwa amekilaza alipokikata.

"Huu utando ni kama kuni, wifi. Upande mmoja unapasuka kirahisi, upande mwingine unagoma. Hakuna mchawi hapa."

Akavigeuza vipande mkononi. Nikasubiri aniombe radhi, maana nilistahili. Akasogea karibu, akaninong'oneza:

"Na wewe ulijuaje?"