Kabalagala Aliyoikataa Kavira

Saa moja kasorobo asubuhi, katika kituo cha kulelea watoto nyuma ya soko mjini Arua, Mwalimu Sumayah Khamis amekaa mkekani karibu na mlango na hasemi neno. Kando yake wamekaa walezi tisa anaowafunza wiki hii. Nao wamekatazwa kusema mpaka saa tatu.

Akina mama wanaingia mbiombio, watoto mgongoni, mizigo kichwani. Mlezi mmoja kutoka Manibe anashindwa kuvumilia. Anainuka kumpangusa mtoto kamasi, na Sumayah anamvuta nguo arudi chini.

"Kamasi haikimbii," anamnong'oneza. "Wewe angalia kwanza mikono yake inashika nini."

Sumayah, mwenye miaka 49, anawafunza walezi wa Arua na Koboko jinsi ya kumtambua mtoto wa chini ya miaka mitatu ambaye moyo wake hauko sawa. Kwenye vyeti kazi hiyo inaitwa afya ya akili ya watoto wachanga, na jina hilo limempa taabu tangu mwanzo. Alipolitaja kwa mara ya kwanza mbele ya akina mama wa Abuku, walicheka hadi wakashikana mabega.

"Mmoja aliniuliza, 'Mwalimu, mtoto wa miezi sita nakunywa nini mpaka apate wazimu?'" anakumbuka. "Tangu siku ile nasema moyo wa mtoto. Moyo kila mtu anaujua."

Alizaliwa Koboko, katika familia ya Wanubi ambao babu yao mkubwa alikuja huku akiwa askari kutoka Sudan. Alifundisha shule ya chekechea miaka kumi na minne. Mwaka 2018 alianza kuwafunza walezi wenzake, kwa uzoefu wake tu na kitabu kimoja cha kuazima. Mafunzo yenyewe ya moyo wa mtoto aliyapata baadaye, mwaka mzima, 2022.

Malipo si ya kujivunia. Siku ya mafunzo hupata shilingi 45,000, nauli ikiwa ndani yake, na kuna miezi ambayo haitwi popote. Miezi hiyo husuka makawa ya kufunikia chakula na kuyauza sokoni. Hata hivyo, ukimuuliza siku iliyomuumiza zaidi katika kazi hii, hataji fedha. Anataja kabalagala.

Ilikuwa Februari mwaka huu, katika kituo hikihiki. Mlezi aitwaye Mireille, mwenye asili ya Kongo, alimwita aje kumwona mtoto wa kike wa mwaka mmoja na miezi minane, jina lake Kavira. Mtoto alikuwa hataki kula. Kwa miezi miwili alikuwa ameshuka kutoka kilo kumi na nusu hadi tisa na robo, na akiona kabalagala, vile vitumbua vya ndizi ambavyo watoto wengine hugombania, alikuwa akipiga kelele kama ameona nyoka.

Mama yake, Alphonsine, muuza vitenge, alikuwa amechoka.

"Mwalimu, huyu mutoto amenishinda," alimwambia. "Nimemupima malaria, hapana. Nimemupa dawa ya minyoo, bado. Jumamosi kuna gari ya Bunia, kule Kongo. Nitamutuma kwa mama yangu."

Ilikuwa Jumatatu. Mtoto ambaye tayari anateseka alikuwa anapelekwa mbali na mtu pekee ambaye mtoto huyo bado alikubali kulishwa naye, maana nyumbani usiku Kavira alikula kidogo mkononi mwa mama yake. Mama akiinuka kuchota maji tu, mdomo ulifungwa.

Kesho yake asubuhi Sumayah alikaa mkekani na kutazama. Kavira aliingia akiwa ametulia kiunoni mwa mama yake, hata akamchekea mtoto mwenzake. Kisha Mireille akatokea na sahani. Kabla mama hajasogea hata hatua moja, vidole vya mtoto vilikwisha kukishika kwa nguvu kitenge cha mama. Mireille akamchukua, akamgeuza aangalie ukutani, akamtia kabalagala mkononi. Alphonsine akanyata akatoka. Mtoto alipogeuka, mama hayupo.

Ndivyo ilivyofanywa kila asubuhi, na si kwa ubaya. Katika vituo vingi vya huku watoto hudanganywa hivyo, kila mtu akiona anamwepusha mtoto na kilio. Siku za mwanzo Kavira alikuwa mwepesi kudanganyika. Kisha akajifunza. Kwake, chakula kilikuwa ndiyo alama kwamba mama anapotea.

"Niliona, nikafurahi kwa kuelewa," Sumayah anasema. "Nikamuuliza Mireille kwa ukali kidogo, nani amekufundisha hivi?"

Mireille uso ulimshuka. Aliingia ndani akarudi na daftari lililochakaa, akalifungua ukurasa wa mwaka 2019. Juu alikuwa ameandika kwa wino wa buluu: Mwalimu Sumayah. Chini yake: mtoto akimlilia mama, mpe kitu kitamu, mgeuze, mama atoke kimya.

"Si wewe ulitufundishaka?" Mireille alimuuliza kwa sauti ndogo.

Sumayah anasema alitamani ardhi ipasuke. Alikuwa amelisahau kabisa somo lile. Wakati ule aliliona la busara, na walezi walimpigia makofi. Aliona aibu, na anasema hivyo bila kuzunguka.

Hakuwa na nafasi ya kukaa na aibu yake, Jumamosi ilikuwa inakuja. Jioni ile alimwomba Alphonsine siku tatu. Asubuhi sahani isionekane kabisa. Mama achuchumae, amtazame mtoto usoni, amwambie anakwenda sokoni na atarudi mtoto akiamka usingizi wa mchana, kisha aondoke mtoto akimwona. Na arudi kweli, saa ile ile.

"Atalia," Alphonsine alisema.

"Atalia, Mama Kavira. Na Mireille atamshika akilia."

Jumatano Kavira alilia dakika arobaini. Wanawake wa sokoni walichungulia mlangoni wakidhani anachapwa. Saa tisa Alphonsine alirudi akiwa amemwachia jirani vitenge vyake, na hakuficha hasira.

"Nilikuwa na mutoto asiyekula," alisema. "Sasa niko na mutoto asiyekula na analia!"

Alhamisi mambo yalikuwa mabaya zaidi, kwa sababu wateja walimchelewesha Alphonsine saa nzima. Kavira aliamka, akatazama mlango, hakulia. Kwa Sumayah ukimya ule ulikuwa mbaya kuliko kelele. Usiku hakupata usingizi, akijiuliza kama Bunia labda ndiyo njia.

Ijumaa mama aliaga. Mtoto alilia, lakini safari hii kifuani mwa Mireille, na Mireille hakumgeuza wala kumbembeleza kwa chochote. Kilio kilipopungua, Kavira alimshika kidole, akamvuta hadi jikoni, akasimama mbele ya sufuria. Alikunywa nusu kikombe cha uji. Mama alirudi saa tisa kasorobo, mapema kuliko alivyoahidi, akamkuta mtoto ana uji kidevuni. Jioni ile dereva wa gari la Bunia aliambiwa abebe mzigo mwingine.

Leo Kavira ana kilo kumi na moja. Bado hulia baadhi ya asubuhi, na Mireille hasumbuki tena na kilio hicho. Kabalagala bado haitaki, na hakuna anayemlazimisha.

Sumayah alirudi nyumbani Koboko na kuyasaka madaftari yake ya zamani. Alihesabu walezi arobaini na mmoja aliowafundisha somo lile kabla ya mwaka 2022. Ameamua kuwafikia wote, mmoja mmoja, kwa nauli yake. Mpaka sasa amewaona kumi na wawili. Wengine humcheka, wengine hununa. Hawah, mlezi wa Abuku, alimwambia bila kupepesa macho:

"Mwalimu, miaka sita mimi nafanya vile ulisema, na leo ndio wewe nakuja?"

"Nilimwambia ndiyo, leo," Sumayah anasema.

Jumatatu ijayo ataelekea Adumi, ambako kuna walezi wanne, na amekwisha kuweka akiba ya bodaboda. Anataka kumaliza orodha yote kabla mwaka haujaisha.

"Watoto wa siku zile wako shule ya msingi sasa," anasema. "Hao siwezi kuwapanga mstari niwaombe radhi, hata hawajui walikosewa nini. Lakini waliowapokea mlangoni nawajua kwa majina."