Redio ya Chevrolet ya Marehemu Evelio

Miaka ile ukifika mjini kwetu Sagua la Grande ukauliza fundi redio yuko wapi, hukuambiwa jina la mtaa. Uliambiwa nenda hivyo hivyo mpaka usikie saa. Leovigildo Pichardo alijaribu kila redio kwa stesheni moja tu, ile inayosoma habari mchana kutwa huku saa ikigonga nyuma yake kila sekunde. Muziki ni mwongo, alikuwa akisema. Ngoma ikikwaruza utajuaje kama ni ngoma au ni spika iliyochanika? Lakini saa inagonga vile vile leo na kesho, na ikigonga vibaya kosa ni la redio.

Nilikaa sana pale mlangoni kwake, mara na feni, mara na pasi, mara sina kitu, nimekwenda tu kupiga soga. Alikuwa mtu mwembamba wa miaka sabini na moja, na miwani yake ilifungwa sikioni kwa waya wa shaba. Alikuwa fundi umeme wa kiwanda cha sukari mpaka kiwanda kilipofungwa. Mkewe Migdalia alikufa, binti yake akahamia Camagüey, na tangu hapo kila Jumapili alikula kwa Eneida, mjane wa rafiki yake Evelio. Siku nyingine sita alikula chochote, tena akiwa amesimama. Jumapili alivaa shati lililopigwa pasi. Nalisema hili mapema kwa sababu mambo yote yanayofuata yanahusu meza hiyo ya Jumapili.

Jumatatu moja Eneida alikuja na Chevrolet ya marehemu, ya mwaka hamsini na mbili, rangi ya kijani iliyopauka. Mkwewe Yoelkis ndiye aliyeendesha.

"Pichardo! Toka humo pangoni!"

"Shemeji, asubuhi yote hii na kelele?"

"Kelele ndiyo niliyokuja kuitafuta. Hii gari imenyamaza miaka ishirini na nne. Jumamosi wanakuja wale wazee wa klabu ya magari ya zamani, kutoka Santa Clara. Injini wameshasema siyo yake, wameisamehe. Sasa wanataka vingine vyote viwe vilivyotoka nayo kiwandani, na redio iongee. Ikiongea, gari inapata kibao chake, na jina la Evelio linaandikwa juu yake."

"Na isipoongea?"

Yoelkis akacheka. "Isipoongea, babu, mimi nachukua grainda, naikata hii dashibodi nusu saa tu, natia redio inayoshika simu. Hiyo yenu hata Nuhu aliiacha ufukweni."

"Nuhu naye alitia injini ya dizeli kama yenu," alisema Pichardo, "ndiyo maana akakwama mlimani."

Eneida hakucheka. "Mpaka Ijumaa, Pichardo. Nimemwahidi huyu. Baada ya hapo akate."

Walipoiacha gari wakaondoka, Pichardo alilala chali chini ya dashibodi, miguu nje ya mlango, tochi mdomoni. Alikaa humo muda mrefu bila kugusa kitu. Nikadhani amelala usingizi. Alipotoka uso ulikuwa umembadilika, akaniomba maji.

Alichokiona humo alinieleza siku zilizofuata, kidogo kidogo. Aliona kiungo cha waya. Kila fundi ana mkono wake kama mtu alivyo na mwandiko wake, na mkono wa Pichardo ulikuwa kuzungusha waya mara tatu, kisha kukunja mkia wake kushoto kabla ya kutia risasi ya kulehemu. Waya uliokwenda kwenye redio ulizungushwa mara tatu. Mkia ulikunjwa kushoto. Na kabla ya hapo hapakuwa na kitu chochote, waya mtupu kutoka kwenye betri.

Gari zile zilitoka kiwandani na umeme wa volti sita. Mwaka wa tisini na nne, petroli ilipokuwa haipatikani, Evelio alitoa injini ya zamani akatia ya dizeli, nayo haiwaki bila volti kumi na mbili. Taa unabadilisha, honi unabadilisha. Redio huwezi. Redio unaiwekea njiani kitu cha kula ile nusu ya umeme iliyozidi, na sisi kitu hicho tulikikata kutoka kwenye koili ya jiko la umeme, kipande cha kama shubiri moja. Kila fundi wa Sagua alijua. Pichardo, aliyeitwa na Evelio kuunga redio, alikuwa na kipande chake mfukoni siku hiyo, kimeshapimwa.

Basi umeme, uliokuwa ukikatwa kutwa nzima, ukarudi mjini. Nani aliyekuwapo miaka ile asiyekumbuka umeme ukirudi? Mtaa mzima ulipiga makelele na kila mwanamke alikimbilia jiko, maana hujui ni saa moja au ni dakika kumi. Migdalia alikuwa na maharage meusi yaliyolowekwa tangu jana. Akawasha, koili ikakatika. Akapiga kelele dirishani, Pichardo akatoka mbio, akakitoa kile kipande mfukoni akaungia jiko. Maharage yakaiva. Akarudi kwenye gari, akaunga redio moja kwa moja ili kazi ionekane imekwisha, akijiambia kipande kingine atakileta kesho na kwamba atamwonya Evelio asiwashe. Kisha akaitwa kula. Akala, akasahau kuonya.

Evelio akawasha jioni ile ile. Vali zote sita, zile taa ndogo za kioo zinazoipa redio uhai, zilikatika pamoja. Asubuhi alikuja kuuliza kulikoni, naye Pichardo akamwambia, "Uzee tu, Evelio. Vali za Kimarekani hazipatikani tena."

Hivyo tu. Akaamini.

Sasa angeweza kuitengeneza, akakifungua kile kiungo, akaunga upya, na hakuna ambaye angejua. Niliona akiliwaza hilo. Jumatatu hakuamua, akaanza kazi.

Hapakuwa na haja ya vali za Kimarekani. Zile za Kirusi zinaingia kwenye matundu yale yale, na redio za Kirusi hazikosekani humu mjini, moja inashikilia mlango, nyingine imewekewa sanamu ya mtakatifu juu yake. Alipata vali nne kwa jirani zake na mbili kwenye debe lake mwenyewe, tena hizo mbili zilikuwamo debeni tangu enzi za kiwanda. Alinionyesha akiwa hanitazami. Maana yake angeweza kuitengeneza hata miaka ile, lakini ingebidi aeleze.

Kilichomsumbua kilikuwa kitetemeshi, kikebe kinachovuma kama nyuki na kuupandisha umeme wa betri hadi kiasi cha kuzilisha vali. Ndani kilikuwa kimeungua hadi kuwa makaa. Alikipasua kwa msumeno wa chuma, akapanga humo transista mbili kutoka kompyuta mbovu, akakifunga tena hata mzee wa klabu asione mshono. Karatasi ya spika ilikuwa imeliwa na mende. Aliziba kwa karatasi ya mfuko wa saruji na gundi ya foamu iliyoyeyushwa ndani ya petroli. Kapasita alibadilisha zote. Alhamisi alikata shubiri moja ya koili ya jiko, akaipima mara mbili, akaiunga, akaikalisha juu ya kigae ili joto lake lisichome kitu.

Ijumaa saa nne Eneida akaja peke yake kwa miguu. Pichardo akamkalisha mbele, upande alioukalia miaka yote, naye akakaa penye usukani. Mimi nilikuwa kibarazani na vioo vya gari vilikuwa chini, kwa hiyo nilisikia yote.

Akageuza kitufe. Kwanza hakuna kitu. Vali za namna ile zinataka kupata moto. Kisha kikebe kikavuma, taa ya manjano ikawaka usoni pa redio, na saa ikagonga. Tik, tik, safi, na sauti ya mtu anasoma habari za mavuno ya viazi.

Eneida akaweka kiganja juu ya dashibodi. "Ee Bikira. Na sauti yake nzito ile ile."

Pichardo akapunguza sauti. "Shemeji, mimi ndiye niliyeiunguza."

"Umeunguza nini?"

Akamwambia. Koili, maharage, kiungo, na zile vali mbili debeni. Alisema haraka bila kujitetea, kama mtu anayesoma orodha.

Eneida akaanza kucheka hadi gari likatikisika. "Miaka ishirini! Miaka ishirini, mpaka alipokufa, yule mtu ananiimbia humu ndani, kutoka hapa mpaka Santa Clara, eti kwa sababu redio ni mbovu! Sauti kama mbuzi aliyekanyagwa! Ni wewe uliyenifanyia hivyo?"

"Ni mimi."

Kicheko kikamwishia katikati. "Alikwenda Cienfuegos kutafuta hizo vali. Unajua? Nyuma ya lori la miwa, na mgongo wake ule. Akaenda Remedios. Alikuwa na kikaratasi namba zake zimeandikwa, kikaratasi chenyewe kilichakaa akaandika kingine. Akirudi anapita kwako kukuambia hakupata."

"Alipita."

"Na wewe unamwambia nini?"

"Namwambia pole."

Saa ikaendelea kugonga. Mwanamke yule alitazama mbele barabarani kama gari linakwenda.

"Itafika kesho bila kuzimika?"

"Itafika hata mwakani."

"Basi." Akafungua mlango akashuka, akazunguka, akamngoja Pichardo atoke kwenye usukani. Alikuwa anajua kuendesha, hatukujua. Alipokwisha kukaa akatoa kichwa. "Jumapili hii usije. Ile nyingine, uje."

"Ndiyo, shemeji."

"Na usije na uso huo."

Klabu iliwapa kibao. Yoelkis mwenyewe ndiye aliyekifunga kwa skrubu nne.

Jumapili ile Pichardo alikaanga mayai mawili, akala amesimama. Jumapili iliyofuata nilimwona anapita na shati lake, mikono mitupu kama kawaida, maana Eneida hapendi kuletewa vitu. Nikamuuliza baadaye walikula nini. Akasema kuku, na kwamba alisimulia habari za maharage mara mbili zaidi, kwa sababu binti wa Eneida hakuwa amezisikia, na Eneida alitaka kuzisikia tena akiwa amekaa vizuri.