Nyanya Kivulini

Divisheni ya ulinzi wa pwani ilikuwa na jina kubwa na mabuti machache. Serikali iliwakusanya wanaume wa Sisilia walioanza kuota mvi, ikawapa bunduki za vita vilivyopita na kuwaweka walinde fukwe za kwao wenyewe, kisha ikawaletea maofisa wa kaskazini wawalinde wao. Ndivyo Gaspare Tumminello, mkulima wa nyanya na lozi, alivyojikuta ndani ya kibanda cha zege karibu na Licata, akiitazama bahari huku Luteni Bertolino wa Torino akimtazama yeye.

Kiangazi kile cha mwaka 1943 kila mtu alimtazama mwenzake kwa jicho la pembe. Santo, mwana wa pekee wa Gaspare, alikuwa ametoroka jeshini, na mtoro akikamatwa ni risasi tu. Gaspare aliapa kwamba hajui alipo. Ilikuwa kweli, lakini jambo moja lilimkera: mama mtu hakuwa akilia.

Alasiri moja, Gaspare akijiandaa kwenda nyumbani kwa ruhusa, luteni alimpa darubini.

"Ile si nyumba yako?"

"Yangu, bwana luteni."

"Zile mbao nyekundu kwenye ukuta wa kisima ni ishara gani? Jana hazikuwepo. Na ndege za adui zinapita hapa kila siku."

Liborio, jirani yake aliyekuwa akisafisha mzinga, aliangua kicheko. "Ishara ya tumbo hiyo, bwana luteni! Kwenu Torino hamli mchuzi?"

"Wewe funga domo. Gaspare, twende."

Mkewe, Crocifissa, aliwapokea mlangoni, mikono myekundu hadi viwikoni. Akaeleza: nyanya huchemshwa, huchujwa, hutiwa chumvi, hupakwa kwenye mbao mpaka zigande. Luteni alichovya kidole, akakilamba, akachovya tena. Shaka ikamtoka. Akarudi kambini na bakuli zima, akamwacha Gaspare apumzike.

Gaspare hakupumzika. Mama yake alianika nyanya, bibi yake alianika nyanya, na hakuna hata mmoja aliyezianika kivulini. Ukuta ule, jua likishapita utosini, haupati hata mwali mmoja, na rojo ikikaa pale huota ukungu. Juu ya paa jua lilikuwa likichoma bure. Tena kila alipokuja kwa ruhusa, mbao zilikuwa pale pale, zimeelekea korongo lenye mapango. Kikulacho ki nguoni mwako, alijisemea.

"Fissa, mbao hizi zinafanya nini kivulini?"

"Juu kuna upepo. Vumbi."

"Leo hata jani halitikisiki."

"Ala! Umekuja kunifundisha mapishi, mwanajeshi?"

Hakuwahi kumwita hivyo. Gaspare alishusha sauti.

"Santo yuko mapangoni. Akiziona mbao anajua asishuke."

Crocifissa alikazana kujifuta mikono iliyokwisha kutakata.

"Umefanya vizuri," Gaspare alisema. "Luteni asimkute. Lakini luteni ndiyo kwanza amefika leo. Siku zile nyingine nilikuja mimi peke yangu."

"Ndiyo."

"Ndiyo nini?"

"Mbao ni zako wewe, baba Santo. Siku ya soko ulisimama mbele ya kanisa ukasema mtoro ni mtoro, hata akiwa wako. Nilikusikia kwa masikio yangu, nikamwambia mtoto."

"Nilisema ili wao wanisikie! Ningesemaje, na luteni amenisimamia?"

"Sasa mimi nitajuaje, Gaspare? Nitajuaje?"

Alitafuta la kuapia, asilione. Viapo vyote alikwisha kuvitumia kwa luteni. Akaokota kofia yake ya chuma.

"Anakula?"

"Ukiwa hupo, anakula."

Tangu siku ile kila ruhusa yake alimpa Liborio. Liborio alimdhihaki kwamba anamwogopa mkewe, naye hakubisha. Jumapili luteni alimsimamisha mbele ya kikosi, akawaambia wengine wajifunze kwa Tumminello, mtu anayeipenda kazi kuliko nyumba yake. Gaspare akapiga saluti, machozi yakimlengalenga.