Koti la Baba Mdogo Kizito

Niseme ukweli kwanza: koti lilinipendeza. Lilikuwa koti la kijivu la baba mdogo wangu Kizito, nikapewa siku tulipomaliza matanga yake, kwa sababu minye ndiye mtoto mkubwa wa kaka yake. Viatu vilienda kwa mwingine, panga kwa mwingine. Kufa kufaana, na sikubisha. Wapagazi wenzangu bandarini Kalundu wakaanza kuniita Bwana Mkubwa kwa ajili ya koti lile.

Kizito alikuwa mlinzi wa bafu kule Maji Moto, mlimani juu ya Sange. Wazungu walijenga pale bwawa la vigae na oteli, wakawa wanakuja kutoka mbali na magoti yao mabovu. Kazi yake ilikuwa kugawa taulo na kupima joto la maji kwa kiwiko. Kiwiko tu ndicho kilichoruhusiwa kuingia, mwili uliobaki haukuruhusiwa. Siku ya uhuru aling'oa kibao kilichoandikwa ni pa Wazungu tu, akakilaza mlangoni watu wafutie miguu, halafu akaoga tangu asubuhi mpaka ngozi ya vidole ikakunjamana. Hadithi hiyo alitusimulia mpaka tukaichoka.

Mwaka sitini na nne waasi wakafika. Mwanamke mmoja wa Sange akatuambia ameona kofia nyeupe ya Kizito inaelea bwawani na ukuta umejaa matundu ya risasi. Tulingoja miezi mitatu. Mke wake, mama mdogo Domitille, akanyoa nywele, tukalia, tukachinja mbuzi, tukagawana vitu.

Mwaka uliofuata barabara ilifunguliwa, na Ndihokubwayo, dereva wa kamio, lori la mchele, akaleta salamu. Kule Maji Moto iko mtu anajiita Kizito, anamsalimia mke wake, ila hawezi kuja mwenyewe. Kwetu mtu aliyekwisha kufanyiwa matanga haingii nyumbani hivi hivi. Yule aliyemnyolea nywele sharti amfuate alipo, amwogeshe, amwite kwa jina. Bila hivyo ataingiza kifo cha kweli ndani ya nyumba.

Majirani wakamsihi Domitille aache, huo ni mzimu unamvuta. Yeye akasema anakwenda kutibu magoti. Magoti gani? Mama yule alibeba vikapu vya ndagala, wale dagaa wa ziwa, kutoka bandarini hadi sokoni bila kupumzika! Lakini nani wa kubishana naye. Nikatumwa nimsindikize, na mjinga minye nikavaa koti.

Asubuhi kamio ya Ndihokubwayo ikatupitisha kwenye mashamba ya miwa ya Kiliba, ikatushusha Sange. Pale alinunua mayai sita. Chumvi alikuwa nayo tayari, imefungwa kwenye pindo la kitenge, na njia nzima mkono wake haukubanduka pale. Nilipomuuliza, alinijibu kwamba mayai hayaliwi bila chumvi.

Tulipanda kwa miguu saa mbili nzima. Juu kule upepo ni baridi, na bonde lote la Ruzizi linaonekana, mpunga, mto, milima ya Burundi, na ziwa mwisho kabisa. Nikamwambia atazame uzuri huo. Akasema hakuja kutazama.

Oteli ilikuwa imetoboka paa na mbuzi wamelala katika chumba cha kulia. Lakini bwawa lilikuwa safi, halina hata jani moja. Mtu mmoja akatokea nyuma ya ukuta na ufagio, amekonda, ndevu nyeupe, nguo zimebaki matambara. Alipotuona aliuweka ufagio chini na kusimama ng'ambo ya bwawa. Hakusogea. Kusema kweli, nilitaka kukimbia.

Domitille hakumsalimia. Alikwenda kwenye jicho la chemchemi, pale akina mama wanapochemshia ndizi, akatumbukiza kikapu cha mayai na kungoja. Yalipoiva alimenya moja, akalipaka chumvi, akaliweka juu ya kile kibao cha Wazungu, akarudi nyuma. Ndipo nikaelewa safari nzima. Mzimu hauli chumvi.

Yule mtu akala. Akala lote, akalamba vidole kimoja kimoja.

"Ongeza chumvi, Domitille," akasema. "Kule juu chumvi ilikuwa ya ng'ombe."

Mama mdogo akaketi chini akalia kwa sauti, na mimi pia, sioni haya. Baadaye Kizito alitueleza. Risasi zilipoanza alikimbilia nyanda za juu, mfugaji mmoja, Gakwaya, akamficha miezi saba kati ya ndama. Chumvi ikipatikana, ng'ombe walitangulia. Aliposhuka, sokoni Sange wakampongeza jinsi alivyoliliwa vizuri, mpaka na mbuzi wakamtajia. Basi akageuka, akarudi kazini kwake, akafagia bwawa miezi mitano akingoja kuchukuliwa. Madereva watatu walikataa kubeba salamu za maiti. Ndihokubwayo peke yake ndiye aliyekubali.

Domitille akamwingiza majini. Niligeuka nikatazama mbuzi, lakini masikio hayana kifuniko.

"Kizito, minye nilikunyolea," akasema. "Kizito, nimekuja. Kizito, twende nyumbani."

"Naam," akaitika, na maji yakamwagika nje ya bwawa.

Alipotoka hakuwa na cha kuvaa. Hakuna aliyeniambia kitu. Nikavua koti nikampa. Akalivaa, akapapasa mabega, akasema limelegea. Nikamjibu ni magunia ya Kalundu, aniwie radhi. Akacheka kicheko chake kile kile cha zamani.

Kushuka, upepo ulinipiga mpaka meno yakagongana. Ee, nilifurahi! Sijapata kufurahia baridi kama siku ile.

Sange tulimkuta Ndihokubwayo anapakia mchele. Alimtazama Kizito toka nywele hadi miguu, kisha akauliza kwa adabu kama anawarudisha wawili wale wale wa asubuhi.

"Tuko watatu," akasema mama mdogo, kwa sauti ambayo kamio nzima ilisikia.