Mbinu ya Fundi Viatu wa Kariakoo

Inatangazwa kwa majeshi yote ya kisasa, yenye droni na yanayoazima droni, kwamba chuo kikuu cha vita kipo Kariakoo, chini ya mwavuli uliotoboka, na mkuu wake ni fundi viatu. Mzee huyo huitazama miguu ya mteja kabla ya uso. Huulamba uzi, huisukuma sindano kwa kiganja kigumu kama soli, na kila kiatu akikimaliza hukipanga na vingine vikielekea barabarani, kama gwaride lililokuja bila watu. Vita vya Kagera alivyopigana ujanani havitaji kabisa. Luteni Shukuru, ambaye kesho anavuka mpaka na kikosi chake, alimletea buti pamoja na swali lililomnyima usingizi wiki nzima.

“Shikamoo, mzee. Nasikia kikosi chenu kilivamiwa, ukarudi peke yako. Nipe hiyo mbinu, nami niwarudishe vijana wangu wote kwa mama zao.”

“Marahaba.”

Sindano ilisimama. Hata muuza maji wa jirani aliacha kelele, akasogea asikie. Mzee alizipokea zile buti.

“Nilikuwa kichakani naharisha, mwanangu.”