Udongo wa Munezero

Mimi sina tabia ya kuchungulia madirisha ya watu. Lakini hapa kwetu Majengo, Goma, parsele ya nyumba zetu ni moja, uwanja ni mumoja, choo ni kimoja, na dirisha la Munezero linaangalia jiko langu. Basi niliona. Mutoto wa watu anakaa mbele ya machine yake, kompyuta, tangu asubuhi, anacheka na ukuta, kisha anapangusa machozi. Siku moja nikamuuliza waziwazi: "We mutoto, una mapepo?"

"Hapana, Mama Athanasie. Ni kazi."

Kazi! Ilibidi anieleze. Zamani alikuwa anatengeneza filamu za harusi na za maziko katika studio moja mujini, pamoja na wenzake. Korona ikaja, mikusanyiko ikakatazwa, watu walio Ulaya wakashindwa kuja kuzika wazazi wao. Studio ikafunga, kila mutu akabeba machine yake nyumbani. Tangu hapo kamerameni anatuma picha kwa enternet, Munezero anazikata na kuziunga, na famille iliyo Bruxelles inaandika maneno juu ya picha yenyewe: hapa kata, hapa ongeza wimbo. Korona ikaisha, mulango wa studio haukufunguliwa tena. Patron aliona hivi ni rahisi zaidi, bwana! Wenzake wakabaki majina madogo kwenye kioo cha machine. Munezero anajua kilio cha famille nyingi, na hakuna hata moja inayomujua sura. Chakula anakula amesimama, peke yake. Mimi nilikuwa namupelekea sombe, majani ya muhogo, kwa nguvu, huku namugombeza.

Kwa kazi yake alikuwa na sharti moja. Rezo yetu ya enternet munaijua, picha nzito hazipiti. Kwa hiyo aliwafundisha kamerameni wote: "Kama hakuna mutu anayesogea wala kusema, zima kamera. Usinitumie kimya." Bashige, kamerameni wa kule Rutshuru, alilishika neno hilo kama katekisimu.

Mwaka huu papa yake Munezero, muzee Munyakazi, akafariki kwao Rutshuru. Wiki ile masasi ya vita yalikuwa yanalia kwenye barabara ya kwenda kule, hakuna gari lililopita. Munezero aliketi kitandani, valizi ya nguo iko tayari karibu na miguu yake. "Papa anaenda bila mimi," alisema. Siku hiyo nilimuwekea sombe bila kumugombeza.

Kwa famille yao, kabla ya kuziba kaburi, muzee mumoja anaita watoto wa marehemu kwa majina. Anayeitwa anajibu "Niko", anatupa udongo. Aliye mbali, ndugu wa damu anamujibia na kumutupia. Asiyejibiwa anahesabika hajamuzika muzazi wake. Munezero alitaka kitu hicho kimoja tu, kujua kwamba alijibiwa.

Picha za Bashige zikafika. Wanasema muganga hajigangi, lakini siku hiyo muganga mwingine alikuwa wapi? Alianza kuziunga mwenyewe, akaniita nikae naye. Tukaona muzee anaita Nzabonimpa, kaka mukubwa aliye Lyon. Baba mudogo akasogea haraka, "Niko", akatupa. Akaitwa Umurerwa, dada yao, akatupa mwenyewe. Kisha tukasikia: "Munezero!" Na picha ikaruka. Kaburi limeshazibwa, wamama wanaimba.

Akamupigia Bashige. "Nilizima, dada," alisema Bashige, na sauti yake ilikuwa chini. "Hakuna mutu alisogea. Si ulitufundisha? Nilipowasha tena walikuwa wanaziba. Kama kuna aliyejibu, sikusikia."

Akauliza baba mudogo, akauliza Umurerwa. Kila mutu: tulikuwa tunalia, hatukumbuki. Yooo, hiyo njo ilimuua kabisa. Alifunga machine, mpaka nikatamani acheke tena na ukuta.

Kesho yake asubuhi akaja jikoni. "Mama Athanasie, nipatie udongo."

Udongo! Sisi watu wa Goma tunakanyaga mawe meusi ya volkano. Udongo wangu niliununua, uko ndani ya gunia ninamopanda mboga zangu za lengalenga, na siku nyingine ningemufukuza na mwiko. Nilisogeza majani mwenyewe. Akachota, akanipa telefone nimupige picha. "Uniite jina. Halafu usizime."

Nikaita, "Munezero!"

"Niko," akasema. "Niko, papa." Akatupa. Udongo ukaanguka juu ya mawe, ukabaki pale. Tulilia wawili, na mimi huyo muzee sikumujua hata sura.

Kipande hicho akakiweka mahali picha iliporuka, akawatumia ndugu zake filamu waikubali. Nzabonimpa akaandika juu ya picha: "Hapa si kwa kaburi la papa. Tena picha inatetemeka. Kata."

Inatetemeka, ndiyo! Ni mukono wangu! Ningekuwa najua kuandika kwa machine ile, angenikoma. Munezero, ambaye hajawahi kumukatalia mutu, alimuandikia kaka yake: "Sikati, yaya. Wewe ulijibiwa." Kioo kinaonyesha Nzabonimpa alisoma. Mpaka leo hajajibu, wala salamu.

Munezero bado anakula peke yake siku nyingi, nisipomushika. Lakini juzi, nikiwa nachambua lengalenga, nilimusikia dirishani anaongea na Bashige kuhusu maziko ya watu wengine.

"Wakiita jina na mutu asionekane, usizime," alikuwa anamwambia. "Hata rezo ikiwa mbaya. Unitumie hicho kimya chote."